Nyasi za Mwezi wa Kumi

Serikali yetu ina kipaji kimoja ambacho sijawahi kusikia ikisifiwa nacho: inaweza kukuficha kitu palepale ilipokuambia ukakitafute. Miaka ya tisini redio ilitutangazia kila jioni habari za mkopo wa zana kwa wakulima wanaohifadhi ardhi. Plau, nira, minyororo, na kwa wenye bahati hata mkokoteni. Kijijini kwetu, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Samuye, hapakuwa na mtu ambaye hajausikia mkopo huo, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona mwenzake aliyeupata.

Mama alinituma mimi nikautafute. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimefeli kama walivyofeli wengi wa darasa letu, nikarudi nyumbani na Kiingereza kidogo na mdomo mkubwa. "Wewe unajua kusoma vibao vya ofisi," Mama aliniambia. "Nenda mjini. Na usiniletee hadithi, niletee plau."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Baba alipofariki, kaka yangu aliwaswaga ng'ombe wetu mpaka mnadani, akachukua fedha na kwenda kununua hisa ya shimo la dhahabu upande wa Segese. Shimo hilo, kwa ninavyojua mimi, halijawahi kutoa kitu isipokuwa maji na ahadi. Angewauza ng'ombe wote, lakini kwa maksai wawili wa kulimia Mama alisimama kwenye mlango wa zizi akiwa na mchi wa kutwangia, na kaka yangu, shujaa wa kuteremka mashimoni, akarudi nyuma. Tukabaki na maksai hao wawili, mwekundu na mweusi, na plau ya Baba iliyochomelewa mara nyingi hadi ikawa mali ya mchomeleaji kuliko yetu. Msimu uliotangulia ilikatikia shambani, na safari hiyo hata mchomeleaji alikataa kuigusa.

Na tulikuwa na ngitili. Kwa asiye wa kwetu, ngitili ni eneo la nyasi unalolifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, hata akilia mlangoni. Nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama, zinakungoja. Mwezi wa tisa na wa kumi, nchi nzima inapokuwa vumbi, ndipo maksai wako wanaingia kula, ili mvua ya kwanza iwakute na nguvu za kuvuta plau. Asiye na ngitili anaanza kulima wenzake wanapalilia. Yetu ilitengwa mlimani na babu yangu na ilikuwa imezungushiwa miiba, na Mama aliilinda kuliko alivyotulinda sisi.

Basi nikaenda mjini Shinyanga. Ofisi ya kilimo nilimkuta bwana mmoja anamenya karanga juu ya gazeti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kumenya, akaniambia kwamba neno "hifadhi" likiwemo, jambo hilo ni la maliasili. Huko maliasili mama mmoja mwenye kitambaa cha kufuma aliniambia kwamba plau si maliasili, plau ni chuma, nijaribu maendeleo ya jamii. Maendeleo ya jamii mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi akasema wote wako kwenye semina Mwanza. Siku hizo niliamini semina ni ugonjwa: ukimpata mtu haonekani kazini wiki nzima, na akipona anarudi amenenepa.

Nilirudi tena na tena, na kila mara nilikuta karanga, kitambaa na kufuli. Kitambaa peke yake ndicho kilichokuwa kinaendelea.

Mwishowe niliingia duka la vyuma la Mhindi mmoja, kuuliza bei ya plau ili nikate tamaa vizuri, kwa hesabu. Nyuma ya kaunta, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, plau zilikuwa zimepangwa, rangi yake mpya, vumbi limezikalia.

"Hizo haziuzwi, dada," yule mzee wa duka alisema. "Hizo za serikali."

"Serikali ipi? Mimi serikali yote nimeizunguka."

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Umezunguka ile ya mjini. Mradi wa hifadhi uko Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege, nyumba ya mapazia ya kijani. Kibao hawana. Wamenunua kwangu, wamelipa, hawajui wampe nani. Nenda kamwambie huyo bwana wa hifadhi aje kuchukua vyuma vyake. Mimi nataka nafasi ya kuweka saruji."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika mji mzima, mtu pekee aliyetaka mama yangu apate mkopo wa serikali alikuwa mfanyabiashara mwenye shida ya mahali pa kuweka saruji. Nilimshukuru kwa moyo wote, na hadi leo namheshimu kuliko ofisi zote tatu.

Bwana wa hifadhi alikuwa kijana mwenye stashahada na viatu ambavyo havijawahi kukutana na udongo aliokuwa anauhifadhi. Alinisikiliza akiwa ameegemea kiti, mpaka nilipotaja ngitili. Hapo akainuka.

"Ngitili ya asili? Iliyofungwa? Ina nyasi?"

"Ngitili isiyo na nyasi itakuwaje ngitili?"

Hakusikia. Alikuwa anazunguka meza. Kumbe mradi ulikuwa unangojea wageni kutoka Dar es Salaam na mzungu mmoja wa kutoka kwa wafadhili, na mafuta ya magari yalikuwa yameshatengwa, na chakula, na posho, ila mahali pa kuwapeleka ndipo palipokosekana. Kijana huyo alikuwa na plau bila mkulima na wageni bila shamba. Mimi nilikuwa nimemletea vyote viwili ofisini kwake.

"Dada," aliniambia, na mwanzo nilikuwa "wewe binti", "plau ya kwanza kutoka ni ya mama yako. Wageni waje tu waone."

Nilipomfikishia Mama habari alisema "Wabeja," ahsante, neno ambalo kwake halikuwa la bei rahisi. Usiku huo aliwapelekea maksai mashina ya mtama aliyokuwa ameyaweka akiba.

Wageni walipangiwa kuja mwezi wa sita, mavuno yakiwa ndiyo yanaisha. Siku moja kabla, bwana wa hifadhi alikuja kukagua, akifuatana na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa tumbo na makundi: kundi kubwa la ng'ombe, kundi la wake, na kundi la wanaume waliocheka kabla hajamaliza kusema. Wakasimama kwenye miiba, wakaangalia nyasi zilizofika kiunoni.

"Safi sana," bwana wa hifadhi alisema. "Sasa ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe hawaingii," Mama akasema. "Haijafunguliwa."

"Lakini mama, wageni watapiga picha ya nini?"

"Ya nyasi."

Kijana alinitazama kama vile nimemletea mama mwenye hitilafu. Akaeleza kwa upole wa watu waliosomea upole kwamba wageni wanataka kuona ng'ombe wakinufaika na hifadhi. Kwamba ifunguliwe saa moja tu, wapigwe picha, ifungwe.

"Ng'ombe hajui saa," Mama akasema.

"Basi labda tutafute kijiji kingine," alijibu, akiwa ameshaanza kukitazama kile kiatu chake. "Plau ni chache, mama, na wahitaji ni wengi."

Uongo huo niliuona kwa macho yangu ukiwa umefika darini kwa Mhindi. Nikataka kusema, lakini mwenyekiti akawahi. "Shemeji, usikitie kijiji aibu. Maksai wako wawili tu, saa moja. Nani atakulaumu?"

Mama aliangalia kule chini nyumbani, plau iliyovunjika ikiwa imeegemezwa ukutani. Kesho yake asubuhi aliondoa miiba kwa mikono yake.

Maksai wetu wakaingia, mwekundu na mweusi, hawaamini. Wakaanza kula. Nikadhani yameisha. Kumbe mwenyekiti alikuwa ameona kwamba maksai wawili kwenye picha ni umaskini, na yeye hakutaka umaskini kijijini kwake siku ya wageni. Nikasikia kengele. Kundi lake lote likateremka njiani, vumbi juu, wachungaji wanapiga miluzi, likaingia kwenye ngitili ya mama yangu kama nyumbani. Wengine walipoona ng'ombe wa mwenyekiti wameingia, nani akubali wa kwake wabaki njaa? Wakaleta na wao.

Na wageni hawakufika asubuhi. Hawakufika hata mchana. Walikuwa wamesimama kwenye ofisi ya mkoa kusaini vitabu na kunywa soda, sehemu muhimu ya hifadhi ya ardhi. Walipofika jua lilikuwa limeshainama. Zikaja hotuba. Mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam alitufundisha faida za ngitili, sisi, kwa Kiswahili kirefu, na katikati ya hotuba akaiita "ngitiri". Mzungu, mtu mrefu mwenye kofia ya nguo, akapiga picha nyingi. Ng'ombe walitoka vizuri sana. Nyuma yao, nilivyosimama pale, niliweza kuona ardhi mahali ambapo asubuhi hukuweza kuona hata mguu wa ng'ombe.

Jioni kundi lilipokosa kitu cha kula kwetu, likavunja miiba ya upande wa juu, likaingia ngitili ya jirani.

Jirani akashtaki, na alikuwa na haki. Alishtaki kwa dagashida, baraza la mila la Wasukuma, ambalo kwetu lilikuwa limelala miaka mingi mpaka mradi huohuo ulipoliamsha, ukawagawia wazee wake fulana, na kulisaidia kukubaliana sheria ya ngitili: asifungue mtu yeyote kabla wazee hawajatangaza, mwezi wa nane. Sheria nzuri. Mama yangu aliipigia makofi ilipopitishwa.

Tukaitwa. Wazee wamekaa, fulana nyeupe juu ya vikoi, mwenyekiti yuko kati yao. Swali lilikuwa moja: nani aliondoa miiba? Mama akasema, "Ni mimi." Nikasimama kusema mimi. Nikasema kilichosemwa pale kwenye miiba na aliyekisema, nikasema ng'ombe waliovunja kwa jirani walikuwa na alama ya nani masikioni. Nikaambiwa nikae, dagashida si mahali pa wasichana, na mwenyekiti akatabasamu kwa huruma, kwani mimi ni mtoto, nimesoma, nimeharibika.

Bwana wa hifadhi alikuwepo. Alikuwa amemleta yule mzungu aone mila ikifanya kazi. Nikamfuata pembeni nikamwambia, sema wewe. Sema ulimwomba.

"Dada yangu," alisema, akiangalia huku na huku, "sisi kama mradi hatuingilii mila."

Sijawahi kusahau sentensi hiyo. Nimeishi na watu wengi wa ovyo tangu siku hiyo, wengine niliwapikia na mmoja nilikuwa karibu kuolewa naye, lakini sijakutana na aliyenifanya nitake kutema mate kama yule.

Faini yetu huitwa mchenya, na mchenya kwa kosa kama lile ni ng'ombe. Mama angeweza kukataa. Anayekataa hatengwi kwa mdomo tu: haombi moto kwa jirani, haazimwi jembe, na siku akifa anazikwa na watoto wake peke yao. Mama aliuliza tu kama wangemwacha achague. Wazee wakasema ng'ombe wa mchenya huchaguliwa na baraza. Wakachagua yule mwekundu, kwa sababu alikuwa amenona.

Mwekundu ndiye aliyejua kazi. Wakati wa kulima alitembea ndani ya mfereji, upande uleule, mstari baada ya mstari, bila kuswagwa. Mweusi alikuwa anamfuata tu.

Alichinjwa palepale, akachomwa, akaliwa kabla ya giza. Na kwa mila yetu anayetozwa naye anakula pamoja na waliomtoza, kinyongo kiishe. Mama akakaa na wanawake, akapewa kipande, akakila chote taratibu, akanawa. Mimi nilikataa, nikaondoka kwenda kukaa nje ya watu, nikalia kwa hasira mpaka kichwa kikaniuma. Nilipogeuka nikamwona mzungu na bwana wa hifadhi wamepewa ubavu. Walikula vizuri, hilo nisiwanyime.

Plau ilikuja. Ahadi ni ahadi. Mvua za kwanza zikiwa zimeshadondoka, pikapu ya mradi ikaileta, ikashushwa, Mama akashikishwa mpini akapigwa picha. Mweusi alikuwa amesimama zizini, mbavu zinahesabika, kwa sababu mwezi wa tisa na wa kumi alikula majani ya paa la jiko na alichokiokota njiani. Plau mpya, inang'aa, na ng'ombe mmoja. Hata mtoto wa kwetu anajua plau haivutwi na ng'ombe mmoja.

Mwenyekiti, mtu wa huruma, akaja na dawa. Atatuazima maksai wake mmoja, tuwaunganishe, ila plau ianzie shambani kwake. Ikaanzia shambani kwake. Ikaendelea shambani kwake, maana mashamba yake yalikuwa kama kundi lake. Ilipofika zamu yetu, maksai wake naye alikuwa amezoea upande wa mweusi, kila mmoja anataka kukaa nje ya mfereji, wanasukumana nira inawakaba. Nilikuwa natangulia nawavuta kwa kamba, Mama yuko nyuma kwenye mpini, tope linatufika magotini, na mistari inapinda. Tulipanda tumechelewa. Mvua ikakatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na yakaishia hapo.

Mkopo haukuishia hapo. Mwezi wa tano, katika kipindi cha kuvuna, ambacho kwetu kilikuwa kifupi, ujumbe ukaja kwamba wanufaika waanze kurejesha. Wenzetu wa vijiji vingine walijibu kwa mbinu zinazofahamika: mmoja amesafiri, mwingine anaumwa, mwingine plau imeibiwa na usiku iko shambani. Nikamshauri Mama na sisi tusafiri. Alinitazama akasema, "Sitaki gari lao lirudi hapa kwa ajili ya deni." Akamfungua mweusi, akampeleka mnadani mwenyewe, akalipa yote.

Gari likarudi. Lilirudi kwa ajili ya kumpongeza.

Mama yangu alikuwa mkulima wa kwanza wa mradi kumaliza mkopo wake, mwanamke tena, mjane tena, na ngitili tena. Walikuja na mzungu yuleyule wa kofia. Ilikuwa tena mwezi wa sita. Plau ikatolewa nje. Mwenyekiti, ambaye hakuwa amealikwa, akaleta maksai wake wawili wafungwe kwenye picha. Mama akasema hapana, akasema polepole, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule mtu anageuza ng'ombe wake bila kupata cha kuchekesha watu.

Mzungu akamwuliza bwana wa hifadhi kwa Kiingereza, amwulize mama ng'ombe wake wanaendeleaje. Bwana akaniuliza kwa Kiswahili. Nikamwuliza Mama kwa Kisukuma, ingawa Kiswahili alikielewa. Alijibu bila kupandisha sauti.

"Mama anasema," nikamwambia bwana wa hifadhi, "mmoja mlimla. Wa pili ndiye aliyelipa hiyo plau."

Kijana akamgeukia mgeni wake, akamwambia kwa Kiingereza kizuri kwamba mama anashukuru sana, maisha yake yamebadilika.

Mtihani wa Kiingereza niliufeli, lakini hicho nilikielewa. Nikamsogelea yule mzungu mwenyewe. Kwa maneno yangu machache, na mengine nikiyakosea, nikamwambia: ng'ombe wa mama yangu ulimla wewe, mwaka jana, pale, ulikula ubavu.

Uso ukamng'aa. Alikumbuka! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ilikuwa nyama tamu sana, na kwamba hatasahau ukarimu wetu.

"Anasemaje?" Mama akaniuliza.

"Anashukuru kwa nyama."

Mama akatikisa kichwa kidogo. Wageni walikuwa wameanza kupanda kuelekea ngitili, kamera mkononi. Zilikuwa nyasi ambazo sikuwahi kuziona tangu nizaliwe, zimempita mtu mfupi, kwa kuwa tangu wageni waondoke hapakuwa na mdomo uliozigusa. Mama akawapita kwa njia ya mkato, akafika kabla yao, akasimama mbele ya miiba.

"Waambie haifunguliwi," alisema, sasa kwa Kiswahili, wasikie wote. "Hizi ni nyasi za mwezi wa kumi."

Bwana wa hifadhi akatazama ngitili, akatazama zizi letu kule chini. Nadhani aliuliza bila ubaya, alitaka tu kujua. "Za ng'ombe gani, mama?"

Tawi moja la mwiba lilikuwa limeanguka njiani. Mama akainama, akaliokota, akalirudisha mahali pake.